Nyamera Namba Saba

Atlabara, Juba
14 Septemba 2024

Kwako Baba Mdogo Cirillo,

Salamu zikufikie wewe, Mama Mdogo, Jacob na wote wanaolala ndani ya uzio wako. Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua lakini kanisani anafika. Dada Charity amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo najua hutatuma kuku. Mvua imekula nusu ya barabara yetu. Juzi lori la maji lilikwama mbele ya nyumba na mtaa mzima ukateka maji bila kulipa.

Nakuandikia kwa sababu ulipanda mpaka Mangalla kupata mtandao wa kunitukana, na nilipoanza kujibu ukakata simu. Barua haikatwi. Athieng ataileta akirudi huko kufuata samaki. Ikinuka, si mimi.

Umewaambia watu kwamba mtoto wa marehemu kaka yako anauza ardhi ya ukoo kwa kompyuta. Nitakueleza kazi yangu mara moja, sitarudia.

Tuna nyamera saba, hao mnaowaita tiang, waliovishwa mikanda shingoni. Kila saa mkanda unaongea na setilaiti na kusema mnyama yuko wapi. Hiyo tunaiita nukta. Nukta peke yake haina maana. Mtu akikuona sokoni hajui kama unapenda soko au nyumbani hakuna chumvi. Kwa hiyo kwa kila nukta ya mahali mnyama alipokuwa, naweka nukta nyingine za mahali ambapo angeweza kwenda na hakwenda. Halafu nalinganisha: maji yako umbali gani, majani ni marefu au mafupi, moto ulipita lini, nyumba za watu ziko wapi. Mbuga ya majani mafupi ni sehemu moja ya kumi ya eneo lote, lakini nusu ya nukta zao ziko humo. Basi hapo wamechagua. Kichaka ni nusu ya eneo na hawaonekani humo ila kwa nadra. Basi wanakiepuka. Kutokana na hesabu hiyo modeli ya kompyuta inapaka ramani nzima, hata pale ambapo hakuna mnyama aliyevaa mkanda: nyekundu wanapoelekea kupapenda, nyeupe wasipopataka.

Ramani inakwenda kwa kamati ya ardhi mwezi wa nne. Penye wekundu, kampuni ya miwa haitapewa ardhi. Penye weupe, itapewa. Lokiri kwako kwa sasa ni nyeupe kama karatasi hii. Sikuipaka mimi.

Ninahitaji kujua mwaka jana mlichoma majani upande gani, na kama kuna mwindaji aliyeokota mkanda.

Na neno "ardhi ya ukoo" usinitumie tena. Baba alipokufa, Mama alinishika mkono tukaja kukuuliza sehemu yake. Ulisema mtoto wa kike ni mgeni kwao, kesho ataolewa. Sawa. Mgeni hawezi kuuza shamba la mwenyeji.

Mimi Keji

*

Lokiri
2 Novemba 2024

Mwanangu Keji,

Barua yako ilifika ikinuka kambare na kiburi. Tumeipokea. Mama yako Mdogo anakusalimu, jicho lake moja limeanza kuingia ukungu. Mtama umesimama. Jacob anatafuta mke, na mimi natafuta ng'ombe wa kumpatia huyo mke. Mpe mama yako pole ya magoti. Mpe Charity hongera, na kuku nitatuma, ili ujue hesabu zako si zote sahihi.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha Eldoret, nilikokuwa nafunga maturubai ya malori miaka ile ya ukimbizi, kwa sababu hapa wanaosoma lugha yetu ya Kibari ni wengi na midomo yao haina mlango.

Nimesoma habari za mikanda. Yaani mnyama ana mtandao, mimi sina! Mama yako Mdogo nilipomsomea alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza, "Na wakimpigia simu, anapokea?"

Sasa mimi ni mzee, sina shule, nataka kujifunza. Wewe si ulijisomesha hesabu pale Kampala kwa vitabu vya kuazima, huku ukiuza vocha za simu? Basi na mimi niazime kwako. Nyamera akilala mahali, inahesabiwa sawa na akipita tu? Lazima wawe wengi, au mmoja anatosha? Na huyo setilaiti anaona pembe, au anaona mkanda tu?

Kuhusu moto: majani huwaka yenyewe. Kuhusu mkanda: hatujaona mkanda.

Kuhusu sehemu ya baba yako: kama wewe hukuipaka ramani, na mimi sikuiandika mila. Wote wawili tuna mikono safi.

Ila nikuambie, siku hizi nyamera wameanza kupapenda sana hapa kwangu. Utaona mwenyewe.

Baba yako Mdogo, ambaye bado yuko hai ingawa hujauliza,
Cirillo

*

Atlabara, Juba
11 Januari 2025

Kwako Baba Mdogo,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa nyumba. Kuku alifika, amekonda kama aliyekuja kwa miguu, lakini alifika. Mtoto wa Charity amebatizwa Josline. Kwa Athieng kuna dawa ya jicho la Mama Mdogo. Matone mawili asubuhi na jioni, na wewe usijipake kwenye mgongo.

Najibu maswali yako kwa kuwa uliuliza kama mtu mwenye adabu, jambo lililonishangaza. Kulala na kupita, mkanda hautofautishi. Saa moja, nukta moja. Mnyama mmoja kwa kawaida hatoshi. Lakini mikanda mitatu imekufa betri, kwa hiyo kila anayebaki ana uzito. Pembe setilaiti haioni.

Na sasa nakuambia jambo ambalo sikutaka kuwa mtu wa kwanza kukuambia. Tunaye jike, namba saba. Mwezi wa kumi alikaa siku nne mahali pamoja bila kusogea. Nilishaandika kwamba amekufa. Siku ya tano akainuka, akaanza kutembea papo hapo Lokiri, na hajaondoka. Anakula majani kwenye shamba lako la kando ya mto. Nilipoziingiza nukta zake, modeli ilibadilika: Lokiri ni nyekundu, na vijiji vyote vya ukingo ule vimegeuka vyekundu pamoja nayo. Bosi wangu Griffin, Mkenya asiyesifu hata chai, alisema, "Hii ni kitu mpya, Keji. Nyamera wameacha kuogopa watu."

Rasimu itakwenda kwa kamati mwisho wa mwezi. Kama mambo yatabaki hivi, miwa haitapandwa kwako. Usinishukuru. Mshukuru namba saba, na uwaambie vijana wako wasimpige risasi.

Keji

*

Lokiri
3 Februari 2025

Mwanangu Keji,

Salamu nyingi kutoka katika nyumba yenye furaha. Jicho linaona nusu. Jacob ameoa! Binti wa upande wa pili wa barabara kuu, anaitwa Pearl, mama yake alimzaa Gulu. Ngoma ilipigwa mpaka mbuzi wakakosa usingizi. Hukuwepo. Sikukualika, lakini mtu mwenye moyo huja.

Mahari yalitutoa jasho. Kaka zake waliingia ndani ya zeriba, zizi langu, na fimbo, wakawa wananyoosha: huyu, huyu, na huyu. Wakafika kwa fahali wangu mweusi mwenye paji jeupe. Nikawaambia huyo hapana, huyo ni mzee, ana kikohozi. Wakasema, "Mzee gani amepambwa hivi? Fahali aliyepambwa ndiye wa bibi harusi." Nikasema basi nitamvua mapambo. Wakasema ukimvua umetuvunjia heshima, na msichana tunarudi naye. Nilibishana nao mpaka jua likazama. Nikasema khalas, yaishe, nikawapa pamoja na mapambo. Moyo unauma, lakini mkwe ni mkwe.

Umesema rasimu imekwenda kwa kamati? Kama bado, ipeleke leo. Usikae nayo. Kazi nzuri haihitaji kuangaliwa mara mbili.

Mpe bosi wako salamu. Mwambie amesema kweli, nyamera wa siku hizi hawaogopi watu.

Cirillo

*

Atlabara, Juba
1 Machi 2025

Cirillo,

Mama mzima. Charity mzima. Mimi siyo mzima, na sababu ni wewe.

Wiki iliyopita Griffin aliniita mbele ya ofisi yote. Kwenye skrini kulikuwa na njia ya namba saba: kutoka Lokiri, moja kwa moja, kama mstari uliochorwa na rula, mpaka ng'ambo ya barabara kuu, ndani ya kijiji, katikati ya nyumba, na hapo akasimama. Griffin akasema, "Keji, nyamera wako amehudhuria harusi." Walicheka wote. Mimi nilikuwa na barua yako mfukoni.

Nikarudi kwenye nukta za nyuma, nukta ambazo nilipaswa kuziangalia Desemba. Nyamera huanza kula kabla jua halijatoka. Namba saba hatoki mpaka jua liwe juu. Nyamera gani anasubiri umande ukauke? Nani duniani anasubiri umande ukauke, kama si ng'ombe aliyefungwa kwenye moshi wa samadi mpaka mchungaji amalize uji? Mimi nimezaliwa kwa watu wa ng'ombe. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikuliona, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka jambo jema litokee kwako. Hilo kosa sitalirudia.

Sikuulizi nani alimla jike yule. Ninajua siku zile nne mkanda ulikuwa umelala wapi: chini ya kitanda chako, ukingoja barua yangu ya Septemba ikufundishe jinsi ya kuutumia.

Unajua ulichofanya? Fahali wako ameifundisha modeli kwamba nyamera wanapenda kulala karibu na moto wa watu. Kila penye nyumba ya udongo pakawa pekundu. Na bonde la kaskazini, ambako nyamera wa kweli wanapita na ndama wao, limefifia mpaka jeupe. Kampuni ya miwa imeshaiona rasimu. Wamekwisha kupeleka watu wao bondeni na kamba za kupimia. Wakipewa bonde lile, wanyama hawana pa kupita, na ni jina langu lililo chini ya ramani. Si la Griffin. Langu mimi, niliyeanza kazi kwa kuchapa nukta za watu wengine.

Kamati inakaa tarehe kumi na tano Aprili. Nitamfuta fahali wako. Nikimfuta, Lokiri inarudi nyeupe. Kabla ya hapo nataka karatasi kwa mkono wako, yenye maneno haya: niliuokota mkanda, nikamvisha ng'ombe. Bila hiyo watasema nimezitunga nukta mwenyewe.

Keji

*

Lokiri
30 Machi 2025

Keji,

Salamu sitaandika nyingi, maana wewe umeanza kuniita kwa jina kama rafiki yako wa baa. Mama yako Mdogo anakusalimu yeye mwenyewe. Bado anaweka dawa.

Karatasi unayotaka iko ndani. Nimeandika kama ulivyosema: niliuokota mkanda, nikamvisha ng'ombe. Nimeongeza: na ningemvisha tena. Hayo usiyakate.

Sasa na wewe sikiliza mara moja, sitarudia.

Unasema modeli inauliza mnyama alikuwa wapi, na angeweza kuwa wapi. Vizuri. Nyamera walikuwa wanajaa hapa wakati baba yako yu hai, tulikuwa tunawapita kama mbuzi. Kisha zikaja bunduki, halafu zikaja pikipiki na kurunzi. Hawakuacha kupapenda. Waliondolewa. Mashine yako inaona weupe inasema "hawapataki." Je, kuna nukta ya aliyefukuzwa?

Na sisi? Nimekimbia Lokiri mara mbili na nikarudi mara mbili. Nimezika hapa, nimelima hapa. Amekuja mtu gani kunivisha mkanda? Kamati inakaa kuamua ardhi yangu, kwenye meza kuna ramani ya swala, ramani ya maji, ramani ya miwa. Ya Cirillo haipo. Wewe mwenyewe umeandika "nyumba za watu ziko wapi" kama kitu cha kumwogopesha mnyama, basi. Hiyo ndiyo kazi yetu katika hesabu zako, kuogopesha.

Nilipookota ule mkanda nikaona, kumbe ili uhesabiwe lazima uwe na kwato. Mimi sina. Fahali wangu anazo. Na hakusema uongo, mtoto. Kila alipokanyaga ndipo tunapoishi. Uongo ulikuwa kwenye jina uliloandika wewe, namba saba.

Futa basi. Kafute. Ukimaliza kufuta njoo uone miwa inavyopandwa juu ya watu wenu, halafu upige hesabu.

Cirillo

*

Atlabara, Juba
18 Mei 2025

Kwako Baba Mdogo,

Salamu kwa Mama Mdogo, kwa Jacob na mkewe. Mama anakohoa, mvua imeanza. Nimechelewa kuandika kwa sababu barabara ilikatika, na kwa sababu sikutaka.

Nilimfuta. Nilisimama mbele ya kamati nikasoma karatasi yako, pamoja na yale maneno ya mwisho. Mzee mmoja wa kamati, Gatwech, alicheka mpaka akavua miwani. Wa kampuni hawakucheka. Walisema ramani ya ofisi inayodanganywa na ng'ombe haifai kabisa, itupwe yote. Griffin alikuwa anaangalia meza. Nikawaonyesha hesabu mbili, yenye fahali na isiyo naye, nikawaonyesha umande, nikawaonyesha nukta za wanyama watatu waliobaki jinsi zinavyofuatana bondeni mwaka hadi mwaka. Ilichukua asubuhi nzima. Bonde la kaskazini limerudi jekundu na miwa haitaingia humo. Lokiri imerudi nyeupe. Kazi yangu ninayo, lakini sasa kila ninachokitoa kinakaguliwa na watu wawili. Nakupa shukrani zake.

Kisha nilifanya jambo ambalo hukuniomba, kwa hiyo usidhani nimelifanya kwa ajili yako. Nukta nilizozifuta kwenye ramani ya nyamera sikuzitupa. Nilizichora upya, zenyewe tu, bila modeli: ng'ombe wa Lokiri wanalala wapi, wanakunywa wapi, njia zao, malisho ya kiangazi. Kichwa cha ramani nimeandika kilivyo: matumizi ya ng'ombe. Nikaiambatanisha na dai la malisho ya kimila. Kamati imelipokea. Sikusema imelikubali, imelipokea, na mpaka itakapoamua hakuna anayeruhusiwa kupima Lokiri.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Inataka majina ya wenye ardhi. Nimejaza mawili: Cirillo, na Keji binti wa kaka yake, kila mmoja na sehemu yake. Usiweke saini nusu. Ukikata jina langu, dai linaanguka, maana mimi ndiye niliyeliwasilisha. Ukikataa kabisa, mila yako itabaki safi na juu yake itaota miwa. Lazima irudi kabla ya Julai.

Uliuliza kama kuna nukta ya aliyefukuzwa. Hakuna. Hakuna anayemfukuza mtu akaacha alama. Mama na mimi tulipoondoka uani kwako siku ile, hakuna setilaiti iliyotuona.

Keji

*

Lokiri
22 Juni 2025

Keji,

Leo hakuna salamu, Athieng anaondoka na mashua imeshajaa.

Fomu hiyo hapo. Nimetia saini kwenye mstari wangu. Jina lako sijaligusa. Jacob amenuna, amesema baba umempa dada mahari ya mke wangu wa pili. Nimemwambia anyamaze, fahali aliyetuletea mke ndiye aliyetuletea na hili.

Lakini ukisema kila mtu na sehemu yake, mgawaji ni mimi, si kamati. Nimekwisha kugawa. Yako ni pembe ile ya mashariki, kati ya korongo na miti ya miba. Itazame kwenye hiyo ramani yako ya ng'ombe. Utaona haina nukta hata moja, na najua jinsi unavyofikiri, utasema mzee amenipa jangwa, mahali ambapo hata ng'ombe hapataki.

Majani yapo mpaka magotini. Fahali alikuwa anataka kuingia kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa namrudisha kwa fimbo, na kabla yake nimewarudisha wengine wote, tangu tulipomlaza kaka yangu pale. Haendi mnyama juu yake.

Ukija, njoo na jembe lako. Langu siazimi mtu.

Cirillo